Mizinga ya Heshima na Sikio la Sajini Mlekwa

Palikuwa na nchi iitwayo Nderemani, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani wake walistaafu na hadi leo wanafuatilia mafao yao. Ilikuwa nchi ya amani. Haikupata kupigana vita na jirani yeyote, ama kwa sababu majirani waliiogopa, ama kwa sababu hawakuona humo kitu cha kugombania. Wanahistoria wa serikali wanaendelea kulichunguza jambo hilo kwa posho. Hata hivyo ilikuwa na jeshi kubwa, jeshi lilikuwa na mizinga, na mizinga ilikuwa na kazi moja tu, kumpigia saluti Mtukufu Kiongozi kila aliposafiri.

Na Mtukufu alikuwa msafiri hasa. Alisafiri kwenda kuomba, akasafiri kwenda kushukuru, akasafiri kwenda kueleza kwa nini alichopewa kimekwisha. Akiondoka, mizinga. Akirudi, mizinga. Siku moja ndege iligeuza njiani kwa kuwa alisahau miwani, basi ikapigwa mizinga ya kurudi, ikapigwa ya kuondoka tena, na miwani nayo ikapigiwa ya kwake. Nchi nyingine hupiga mizinga ishirini na moja zikadhani zimetoa heshima. Nderemani walipiga mpaka baruti iishe.

Aliyesimama kando ya mzinga wa kwanza, tangu ndevu hazijamwota mpaka zikaota mvi, ni Sajini Mlekwa Chidumizi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kupiga pasi suruali yake hata siku ya kulima. Jeshini alifundishwa mambo mengi akayasahau, ila kanuni moja aliishika kama sala: Kuziba masikio mbele ya mizinga ya heshima ni kuiziba heshima yenyewe. Mwenzake mmoja aliwahi kutia pamba masikioni, akawekwa mahabusu mpaka pamba ikapoteza weupe. Mlekwa hakutia pamba. Alisimama wima, masikio wazi, kidevu juu, na alijivunia jambo hilo kwa moyo wake wote, masikini ya Mungu.

Sikio la kulia lilimuaga mwaka ule Mtukufu alipozunguka dunia nzima kutafuta wafadhili wa kampeni ya kubana matumizi. La kushoto, kwa nidhamu, lilisubiri mpaka juma la kustaafu kwake. Akarudi nyumbani na cheti, saa ya ukutani isiyotembea, na ukimya.

*

Nyumbani alikuwapo mkewe, Bi Semeni. Huyu ndiye sababu ya hadithi yote hii. Mlekwa alimpenda kwa sauti kabla ya sura. Enzi za ukuruta alikuwa ndani ya ukuta wa kambi akipalilia bustani ya afande, akasikia nje ya geti mwanamke ananadi vitumbua, sauti nene yenye kicheko ndani yake, na kwa wiki nzima alinunua vitumbua kwa kutuma watu, akiogopa kwenda kuiona sura asije akakuta haifanani. Alipokwenda, alikuta inafanana. Wakaoana, wakamzaa Chausiku, Chausiku akaolewa mbali.

Jambo la mwisho ambalo Mlekwa alikumbuka kulisikia kwa masikio yake halikuwa hotuba wala wimbo wa taifa. Lilikuwa Bi Semeni akimfokea: "Vua viatu, Baba Chausiku, huo ni mkeka!" Tangu hapo alimsoma midomo. Aliweza kusoma chai, chumvi, mvua na jina la jirani mbea. Lakini Bi Semeni alipocheka huku anasema, midomo ilikwenda kombo, naye alibaki akitabasamu kama mgeni msibani.

Hata hivyo wangezeeka hivyo, lau si uvimbe. Bi Semeni alianza kukwaruzwa kooni, akaenda hospitali, daktari kijana akamtazama kwa huruma akasema uvimbe hauna haraka ya kuua, ila una haraka ya kula sauti. Itapungua kidogo kidogo kama mafuta ya koroboi, kisha itazimika. Bi Semeni alimweleza mumewe habari hiyo akiwa amemshika mashavu, ili aisome vizuri. Mlekwa aliisoma. Akatoka nje akakaa kwenye jiwe la kufulia, akalia bila kujua analia kwa sauti kiasi gani, na majirani walisikia.

Basi akataka kitu kimoja tu duniani: kifaa cha kusikia, aiwahi sauti ya mkewe kabla haijazimika. Madukani kiliuzwa kwa bei ya ng'ombe wa ukoo mzima. Lakini sheria ilisema kuwa askari aliyepata ulemavu kazini apewe kifaa na serikali, haraka iwezekanavyo. Mlekwa aliisoma sheria hiyo akafurahi. Hakujua kwamba Nderemani "haraka iwezekanavyo" ni cheo cha ofisa fulani, na ofisa huyo yuko masomoni.

*

Idara ya Viungo vya Mashujaa ilikuwa katika jengo zuri lenye ngazi nyingi, ghorofa ya juu kabisa, ili wasio na miguu wasije hovyo. Kwenye benchi la korido Mlekwa alimkuta Koplo Sefu, aliyepoteza mguu lori la askari wapiga makofi lilipopinduka likiwahi uwanja wa ndege. Koplo Sefu alikuwa mzoefu wa benchi hilo kuliko benchi lenyewe. Dai lake lilikataliwa kwa sababu mguu haukuonekana eneo la ajali, hivyo ulihesabiwa kuwa umetoroka jeshini, na mali ya mtoro hailipwi fidia. Alipokata rufaa, alitakiwa aulete mguu ujitetee.

Dirishani alikaa karani mmoja mwembamba aitwaye Mshindo. Utaratibu wake ulibandikwa ukutani: kila mdai ataitwa jina mara moja, kwa sauti ya adabu, ili kutowasumbua majeruhi. Asiyeitika, hakuhudhuria. Na faili la asiyehudhuria hufungwa, liwe la nani, liwe la nini, wala halifunguliwi na binadamu.

Mlekwa alikaa akimkodolea macho karani, lakini karani aliita huku akitazama makaratasi, midomo haikuonekana. Jioni ilipofika Mlekwa akaenda kuuliza zamu yake.

"Nilikuita," karani aliandika kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma zake.

"Mimi ni kiziwi, mwanangu. Ndicho kilichonileta."

"Naelewa, mzee," karani akaandika tena. "Ndiyo maana nilikuita kwa adabu zaidi."

Ikambidi aombe upya, jina la baba yake likitangulia, kwa sababu faili la kwanza lilikuwa limefungwa. Safari hii alikwenda na Bi Semeni. Karani alipoita, Bi Semeni akamgusa mumewe begani, Mlekwa akasimama, akapiga saluti. Karani Mshindo akashusha kalamu kwa masikitiko.

"Ameitika," akasema. "Aliyeitika anasikia."

"Ni mimi niliyemgusa!" Bi Semeni akasema, na tayari sauti yake ilikuwa na makwaruzo. "Umeona mwenyewe, baba. Mkono huu huu."

Karani akawaza, akaenda kuuliza ndani, akarudi na uamuzi ulioandikwa vizuri: Imethibitika kwamba mdai anayo masikio mawili ya ziada nyumbani kwake, ambayo hakuyataja katika maombi. Dai limekataliwa. Ana haki ya kukata rufaa.

Walishuka ngazi. Pale chini Bi Semeni akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na Mlekwa akamtazama midomo ikienda kombo asiambulie neno. Alikasirika siku hiyo kama hajawahi kukasirika tangu azaliwe. Hakukasirikia idara. Alikuwa bado mwanajeshi, akaikasirikia midomo.

*

Rufaa ilianzia kwa daktari wa idara. Huyu alimwinamisha kichwa kulia, akahesabu sikio. Akamwinamisha kushoto, akahesabu la pili. Akaandika kuwa masikio yote yapo, hayajakatwa, na yana afya ya kutosha kuvalia hereni. Sheria ya Nderemani ilitambua upotevu wa kiungo, na kilichopotea sharti kionekane kwamba hakionekani. Mlekwa alimwomba apime usikivu. Daktari akakasirika, akasema usikivu si kiungo, ni tabia.

Rufaa ikapanda kwenye Tume, chini ya Brigedia Daktari Kizwezwe, mtu mwenye tumbo la mamlaka na nishani nyingi kiasi kwamba akiketi zililia kama vyombo vinavyooshwa. Mvua zikanyesha zikakatika. Sauti ya Bi Semeni ikashuka kutoka uwanjani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mkekani. Majirani walianza kumwinamia akisema, na yeye alianza kuchagua maneno, asiyatumie hovyo. Mlekwa aliona majirani wanavyoinama, akajua kinachotokea.

Siku ya shauri, Brigedia Kizwezwe aliweka tatizo mezani kwa uchungu wa kizalendo.

"Sajini anadai kwamba mizinga ya heshima imemtoa usikivu," alisema, na Bi Semeni akamrudishia mumewe maneno kwa midomo. "Waheshimiwa, mzinga wa vita humdhuru mtu. Lakini huu ni wa heshima! Heshima ikimdhuru mtu, basi Mtukufu anaposafiri anadhuru watu. Nani humu ndani yuko tayari kusema Mtukufu anadhuru watu?"

Wajumbe walitazamana viatu.

"Mimi sikusema hivyo, afande," Mlekwa akasema. "Mimi nasema sisikii."

"Kusikia kwako ndiko kunakomtukana Mtukufu kwa kutokuwepo!" Brigedia akanguruma. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na pia mtu wa posho ya safari za nje ya ofisi, aliamuru kifanyike kipimo uwanjani. Mizinga ipigwe, Tume ishuhudie. Sajini akishtuka, anasikia. Na wajumbe wenyewe wakitoka salama, itakuwa imethibitika kisayansi kwamba heshima haidhuru.

*

Sasa Nderemani kulikuwa na desturi ya itifaki ambayo haikuwahi kuvunjwa: mwenye cheo kikubwa hukaa mbele. Nyuma ni kwa watu wa hovyo. Wajumbe wa Tume walipofika uwanjani wakakuta viti vya kifalme vimepangwa mbali, kivulini, wakaona ni dharau. Wakaamuru visogezwe mbele. Vikasogezwa. Naibu mwenyekiti akasogeza chake mbele zaidi, Brigedia akasogeza chake mbele ya naibu, na mwisho Tume nzima iliketi pembeni kabisa ya midomo ya mizinga, ikiwa na soda mkononi, wakati Mlekwa, kwa kuwa ni sajini tu, aliwekwa kule nyuma kivulini pamoja na mkewe.

"Afande," luteni wa mizinga alisema kwa woga, "hapo ni karibu mno. Angalau niwaletee pamba."

"Pamba!" Brigedia akasema. "Kijana, unajua unaongea kanuni gani?"

Luteni alijua. Akarudi nyuma, akainua bendera, akaishusha.

Walipiga mpaka baruti ikaisha. Mlekwa alisimama wima, uso mkavu. Alihisi ardhi ikitetema nyayoni kama zamani, na hakupepesa. Bi Semeni alijifunika kanga mpaka kichwani. Moshi ulipotawanyika, wajumbe walionekana wamekaa vilevile, kila mmoja akiwa na soda iliyomwagika mapajani, wakitabasamu. Brigedia alisimama kutangaza kwamba heshima haidhuru. Midomo ikaenda. Akasita. Akaitangaza tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka, na raia waliokuwa sokoni, mbali kule, walisikia vizuri sana kwamba heshima haidhuru. Ni wajumbe peke yao ambao hawakusikia.

Mlekwa aliitazama midomo ya Brigedia ikihangaika. Kwa mara ya kwanza alimsoma mkubwa wake bila msaada wa mtu. Alikuwa anasema, "Mama yangu."

*

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba serikali ikitaka, inaweza. Wajumbe walikutana mchana uleule, wakijadiliana kwa kuandikiana ubaoni. Wote walitaka vifaa vya kusikia, vya nje, vya masikio yote mawili. Lakini kulikuwa na kikwazo: sheria haikuruhusu Tume kujilipa kwa ulemavu ambao haujawahi kutambuliwa kwa mtu mwingine. Ilihitajika awepo wa kwanza.

Faili la Sajini Mlekwa lilitafutwa kwa mbio ambazo jengo lile halikuwahi kuziona. Karani mmoja alianguka ngazi akaambiwa asidai. Ulemavu mpya ukaandikwa sheriani siku hiyohiyo, na ili asitukanwe mtu, ukaitwa Kujaa kwa Masikio Kutokana na Furaha ya Taifa. Dai la Mlekwa likakubaliwa saa nane. La wajumbe likakubaliwa saa nane na nusu, baada ya chai.

Vifaa vilikuja kwa ndege. Wajumbe walipata viwili viwili. Mlekwa alipata kimoja, kwa maelezo kwamba sajini huhitaji sikio moja tu, la kupokelea amri. Fundi aliyekuja kumvalisha alikuwa mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alimwandikia: Umebakiwa na chembe ya usikivu, mzee, chembe tu. Mzinga mmoja mwingine ukiingia humo, hakuna kifaa duniani kitakachokusaidia.

Mlekwa hakukiwasha ofisini. Alikibeba mfukoni mpaka nyumbani, mkono juu ya mfuko, akaingia, akasimama mbele ya mkewe, akakiwasha. Kilikoroma, kikapiga mluzi, kikatulia. Akasikia kuku. Akasikia maji yanachemka jikoni, akashangaa kwamba maji huchemka kwa makelele vile. Bi Semeni alimtazama, mikono kifuani. Alikuwa amebakiza sauti kidogo, kama ya mtu anayefagia uwanja wa jirani, na siku zote hizo alikuwa amefikiria atasema nini.

Akatazama chini.

"Vua viatu, Baba Chausiku," akasema. "Huo ni mkeka."

Akavivua. Ilibidi ashikwe mkono kuvivua, maana macho yalijaa maji hata asione kamba.

*

Furaha ya mnyonge ina ratiba yake. Juma lililofuata Mtukufu alikuwa anarudi kutoka mkutano wa kimataifa wa kupunguza mikutano, na Brigedia Kizwezwe alitaka kumwonyesha mafanikio ya Tume. Mlekwa akaitwa asimame mahali pake pa zamani, kando ya mzinga wa kwanza, amevaa sare, atoe shukrani kwa niaba ya viziwi wote. Bi Semeni alikuwa miongoni mwa watazamaji, karibu na Koplo Sefu na magongo yake.

Ofisa wa itifaki akapita akikagua mstari. Akasimama.

"Sajini, una kitu sikioni."

"Ni kifaa cha serikali, afande. Nitakizima mizinga ikikaribia."

"Nakuuliza, kinaziba au hakizibi? Kitoe. Masikio wazi. Unajua kanuni kuliko mimi."

"Waheshimiwa wa Tume wanavyo. Kila mmoja viwili."

"Vya waheshimiwa ni nishani," ofisa akasema. "Vimetangazwa gazetini."

Mlekwa akakitoa, akakitia mfukoni. Ukimya ukarudi. Alimtafuta mkewe kwa macho. Bi Semeni alikuwa anasema kitu, na midomo yake ilisomeka wazi hata kwa mbali: Usikubali. Bendera ikapanda.

Maisha yake yote Mlekwa alikuwa hajavunja kanuni, hata ile ya kupunguza sukari. Ndege ikatua. Mlango ukafunguka, Mtukufu akatokea juu ya ngazi, akatulia ili aheshimiwe. Na bendera iliposhuka, mbele ya Mtukufu, mbele ya mabalozi na bendi na taifa zima, Sajini Mlekwa Chidumizi aliinua viganja vyake viwili, akaziba masikio yake kwa nguvu zote, viwiko nje, kama mtoto anayekataa kuambiwa.

Mizinga ikalia mpaka baruti ikaisha, naye hakuvishusha. Koplo Sefu, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye magongo, alifumba macho, akaona hicho ndicho alichoweza kuchangia. Mtukufu aliuliza yule ni nani. Akaambiwa ni shukrani za viziwi.

*

Kosa lilikuwa kubwa: dharau kwa heshima. Adhabu yake ni kunyang'anywa kifaa, na kurejesha furaha ya taifa aliyoipata. Shauri likapelekwa Tume, na kwa kuwa wajumbe walikuwa nje ya nchi kwa matibabu ya masikio, wito ukapitia dirisha lilelile, benchi lilelile.

Mlekwa aliketi, kifaa sikioni, mkewe kando yake. Sauti ya Bi Semeni sasa ilikuwa uzi. Alikuwa anamsimulia, karibu na sikio, jambo ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba zamani zile za vitumbua alijua kuna kuruta mwoga nyuma ya ukuta, na kwamba siku nyingine hakuwa na kitumbua hata kimoja kwenye beseni, alikuwa akinadi tu ili asikike.

"Nikafika getini," alisema, "nikaweka beseni tupu chini, nikavuta pumzi..."

"Sajini Mlekwa Chidumizi," karani Mshindo akaita.

Mlekwa alisikia. Alisikia kila herufi. Ilikuwa kweli ni sauti ya adabu, ndogo, safi, na alisikia hata kalamu ikiwekwa mezani. Mguu wake wa kulia, kwa mazoea ya miaka, ulijivuta usimame. Akauwekea mkono gotini.

Karani akainua uso. Watu wawili hawa wakatazamana kwa umbali wa hatua chache, macho kwa macho. Kanuni ilikataza kuita mara mbili. Karani Mshindo akawaza kidogo, akashusha uso, akaandika: Hakuhudhuria. Akalifunga faili, akaligonga muhuri, akaliweka pale ambapo binadamu halifungui tena.

"Wamekuita," Bi Semeni akanong'ona.

"Nimewasikia," Mlekwa akasema, na akamsogezea sikio. "Endelea, mke wangu. Ulikuwa umefika getini."